Filimbi ya Netiboli: Walimu na Waamuzi Walivyopatikana

Leo hatutasema habari za vita wala za watawala. Tutasema habari za mchezo ambao wengi wenu mmeuona, na baadhi yenu akina mama mliucheza mlipokuwa wasichana. Mchezo huo ni netiboli, ambao wengine huuita mpira wa pete. Wachezaji wenyewe tutawaacha kidogo kando. Tutawatazama watu wawili ambao hawaufungi mpira hata mara moja, na bila wao hakuna mashindano: mwalimu wa timu, ambaye siku hizi huitwa kocha, na mwamuzi, yule mwenye filimbi.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya ubaoni: mwamuzi, kocha, kanuni, kosa. Nanyi wanafunzi yaandikeni katika madaftari yenu. Tutayatumia mara nyingi.

Tuanze na mfano. Tuseme kwamba siku ya Jumamosi timu mbili za wanawake zinakutana Mwisenge, katika mji wa Musoma. Timu moja imetoka Butiama, ya pili imetoka Bunda. Wametoka asubuhi. Wamelipa nauli, wamewaacha watoto kwa majirani, na kazi ya shamba imelala siku hiyo. Uwanja umechorwa kwa majivu. Nguzo zimesimama. Watu wamejaa pande zote, na upepo wa ziwa unavuma. Sasa, nani atapuliza filimbi?

Anatafutwa mtu. Mwalimu mmoja anasema, "Nitapuliza mimi." Lakini mwalimu huyo ndiye aliyewafundisha wachezaji wa Bunda. Wa Butiama wananung'unika, ila wafanyeje? Wamekuja kucheza. Mchezo unaanza. Baada ya dakika chache mchezaji wa Butiama anaruka juu, anaudaka mpira, anatua kwa mguu wa kulia. Anapiga hatua kwa mguu wa kushoto, anainua mguu wa kulia, na papo hapo anautupa mpira kwa mwenzake. Filimbi inalia. "Umetembea na mpira!" Yule mchezaji anashangaa. "Kwetu hili si kosa," anasema. Mwenye filimbi anajibu, "Kwetu ni kosa." Watazamaji wanaingia uwanjani. Mchezo unavunjika, na timu mbili zinarudi nyumbani na hasira badala ya furaha.

Huu ni mfano tu, na timu hizo nimezitunga mwenyewe. Lakini kila aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa kijiji anajua kwamba mambo kama hayo hutokea. Shikeni neno moja katika mfano huu, nalo ni "kwetu". Je, netiboli ina kwetu na kwenu? Kanuni zake ziliandikwa wapi, na nani, na zilifikaje kwetu? Hiyo ndiyo historia ya leo.

Mwezi wa Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield nchini Marekani, mwalimu mmoja, jina lake James Naismith, aliagizwa atafute mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika matenga mawili ya matunda, moja kila upande wa ukumbi, akawaambia vijana watupe mpira ndani. Huo ndio mwanzo wa mpira wa kikapu. Mwaka uliofuata, 1892, mwalimu wa kike, Senda Berenson, aliwafundisha mchezo huo wanafunzi wake katika chuo cha wanawake cha Smith. Yeye aliugawa uwanja sehemu tatu, akamkataza kila mchezaji kutoka katika sehemu yake. Mtaona kwamba hata leo uwanja wa netiboli una sehemu tatu, na kila mchezaji ana mipaka yake.

Kutoka Marekani mchezo ulivuka bahari ukafika Uingereza. Huko kulikuwa na mama mmoja, mzaliwa wa Sweden, jina lake Martina Bergman-Österberg. Mwaka 1885 mama huyu alifungua chuo mjini London. Kazi ya chuo hicho ilikuwa kuwafundisha wanawake ili wawe walimu wa mazoezi ya viungo katika shule za wasichana. Mwaka 1893 mgeni kutoka Marekani aliwaonyesha wanafunzi wa chuo hicho mchezo wa matenga. Mwaka 1895 chuo kilihamia Dartford, nje kidogo ya London, na baadaye wanafunzi wakaanza kucheza nje, juu ya majani. Matenga yakaondolewa, zikawekwa pete zenye nyavu juu ya nguzo. Jina la netiboli limetokana na nyavu hizo. Mwaka 1901 kanuni za mchezo zilichapwa katika kitabu kidogo. Zilipigwa nakala 250 tu.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Michezo mingi ilianza mitaani, watu wakacheza miaka mingi, ndipo wakatafuta mwamuzi. Netiboli haikupita njia hiyo. Ililelewa katika chuo cha walimu. Kila msichana aliyetoka Dartford alikuwa amekwisha kujifunza mambo matatu pamoja: kucheza, kufundisha na kuamua. Alipopata kazi katika shule ya mbali, mchezo ulikwenda pamoja naye. Ukiuliza netiboli ilisafirije duniani, jibu ni kwamba ilisafiri katika sanduku la mwalimu. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kitabu cha kanuni na filimbi.

Kwa njia hiyo hiyo mchezo ulifika katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, nasi Afrika Mashariki tukiwamo. Uliingia kwa mlango wa shule, za serikali na za misheni. Penye shule ya wasichana na mwalimu mwenye kuujua, ulichezwa. Pasipo na shule, haukuchezwa. Basi mjue pia kwamba wakati wa ukoloni wasichana waliopata nafasi ya kusoma walikuwa wachache kuliko wavulana, na hivyo netiboli ilibaki mchezo wa wachache.

Lakini sanduku la mwalimu lilikuwa na shida moja. Kila nchi ilifungua sanduku lake na kubadili kanuni kama ilivyopenda. Australia walicheza watu saba kila upande. New Zealand walicheza watu tisa. Tena nchi hizo mbili hazikutumia jina la netiboli. Ziliuita mpira wa kikapu wa wanawake mpaka mwaka 1970. Mwaka 1938 timu ya New Zealand ilisafiri mpaka Melbourne kucheza na Australia. Wageni wakalazimika kucheza watu saba, jambo ambalo hawakulizoea. Walifungwa 40 kwa 11. Mnaona? Hata mataifa makubwa yalikuwa na "kwetu" na "kwenu". Mwamuzi wa nchi moja alipovuka mpaka alikuwa kama mtu asiyejua kusoma: filimbi anayo, lakini kanuni za pale hazijui.

Mwaka 1956 timu ya Australia ilizuru Uingereza, na mwaka 1957 wajumbe wa nchi mbalimbali wakakutana London kuzungumzia kanuni moja. Mwaka 1960 walikutana tena Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka. Hapo waliunda shirikisho la dunia na kukubaliana juu ya kanuni moja kwa wote. Wachezaji saba, basi. Mwaka 1963 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Eastbourne, Uingereza. Timu 11 zilishiriki, na Australia ikashinda. Shirikisho lile bado lipo, na tangu mwaka 2021 jina lake ni World Netball. Ndilo linalotoa kitabu cha kanuni mpaka leo, na kila baada ya miaka kadhaa hukipitia na kubadilisha baadhi ya mambo. Kwa hiyo hata mwamuzi wa zamani hurudi darasani.

Sasa tuzitazame kanuni zenyewe. Mwalimu wa darasa, chora ubaoni umbo la mstatili. Urefu wake ni futi 100, yaani mita 30 na nusu. Upana wake ni futi 50, yaani mita 15 na robo. Ligawe sehemu tatu zilizo sawa. Kila mwisho chora nusu duara lenye futi 16 kutoka katika nguzo. Nguzo ina kimo cha futi 10, na pete ina upana wa inchi 15. Wachezaji wawili tu wa kila timu wanaruhusiwa kufunga, nao lazima wawe ndani ya nusu duara hilo. Wachezaji wote huvaa herufi kifuani na mgongoni, kama GS, C au GK, na herufi hizo humwambia mwamuzi kila mmoja anaruhusiwa kwenda wapi. Mwanafunzi aliyeanza kusoma juzi tu, kama anazijua herufi, tayari anaweza kufuata nusu ya kazi ya mwamuzi.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Mwenye mpira asikae nao zaidi ya sekunde tatu. Anayemzuia asimame umbali wa futi nne. Kumgusa mwenzako na kumharibia mchezo ni kosa. Mkosaji wa makosa hayo ya kuzuia na kugusana husimama kando ya yule aliyepewa mpira, bila kucheza, mpaka mpira utupwe. Ile ni adhabu ya kusimama tu, lakini huuma, maana kwa muda ule timu yake inabaki na watu sita.

Halafu kuna kanuni ya miguu, ambayo huleta ugomvi kuliko zote. Sikilizeni kwa makini. Mchezaji akidaka mpira na kutua kwa mguu mmoja, tuseme wa kulia, ule mguu wa kulia ndio mguu wake wa kutua. Anaweza kupiga hatua kwa mguu wa kushoto. Anaweza hata kuuinua ule wa kulia. Lakini lazima mpira uwe umemtoka mikononi kabla mguu wa kulia haujagusa tena ardhi. Sasa rudini katika mfano wetu wa Mwisenge. Yule mchezaji wa Butiama alitua kwa mguu wa kulia, akapiga hatua kwa wa kushoto, akainua wa kulia, akatupa mpira. Je, alikosa? Jadilianeni.

Hakukosa. Mwenye filimbi ndiye aliyekosa. Tena si kwa ubaya wa moyo. Hakuna aliyemfundisha.

Netiboli haina mwamuzi mmoja. Ina wawili, na kila mmoja ana nusu yake ya uwanja. Wanasimama pande mbili zinazotazamana, na kila mmoja akiutazama uwanja, nusu iliyo mkono wake wa kulia ndiyo yake. Haruhusiwi kupuliza kosa lililotokea katika nusu ya mwenzake, hata kama ameliona kwa macho yake. Hili ni gumu kwa mwanafunzi wa uamuzi, kwa sababu mtu akiona kosa hutaka kusema. Inabidi afundishwe kumwamini mwenzake. Tena hukimbia nje ya mistari, kando ya uwanja, mbele na nyuma, kwa vipindi vinne vya dakika 15. Ndiyo maana katika ngazi za juu mwamuzi hupimwa mambo matatu: mtihani wa kuandika, mtihani wa mbio, na kutazamwa uwanjani na wakubwa wake akiwa kazini.

Tena kuna jambo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kulifundisha. Ikiwa timu iliyokosewa bado ina mpira na inaelekea kufunga, mwamuzi haruhusiwi kuwakatiza kwa filimbi. Ataacha mchezo uendelee. Anayepuliza kila kosa huwasaidia wakosaji. Hili hujifunzwa uwanjani, mwaka hata mwaka, pembeni ya mtu anayejua.

Turudi kwetu. Jina la Mwisenge mnalijua. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama, mwendo wa maili 26 kwa miguu, akaja kuanza shule ya Mwisenge. Mtoto huyo alikuwa Julius Kambarage Nyerere. Njia ile aliyopita ndiyo njia ambayo timu ya Butiama ingepita leo kwa gari. Nyerere alipokuwa Rais, mambo matatu yalifanyika ambayo yanagusa somo letu, ingawa mawili katika hayo hayakukusudiwa kwa ajili ya michezo.

La kwanza ni sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Kwa sheria hiyo michezo ilipata nyumba yake serikalini, na vyama vya michezo vikawa na mahali pa kuandikishwa. Netiboli ya Tanzania Bara inasimamiwa na chama kiitwacho CHANETA, na Zanzibar wana CHANEZA. Chini ya chama cha taifa huja vyama vya mikoa, na chini ya mikoa huja wilaya. Hiyo ni ngazi, na mwamuzi na kocha hupanda ngazi hiyo hiyo.

La pili lilianza mwaka 1968. Serikali pamoja na Umoja wa Mataifa walianzisha mpango wa kisomo cha watu wazima chenye kufungamana na kazi. Mikoa iliyochaguliwa ilikuwa ile ya kuzunguka ziwa: Mwanza, Shinyanga, Ziwa Magharibi na Mara. Watu wazima walijifunza kusoma kwa kutumia vitabu vya pamba, vya uvuvi na vya kazi za nyumbani. Wazee wa baadhi yenu walikaa katika madarasa hayo. Sijui kama kuna aliyefikiria wakati ule kwamba kitabu cha kanuni za mchezo nacho kingefaa. Mimi naona kingefaa sana, maana mtu husoma kwa bidii kile ambacho kesho atakibishania.

La tatu ndilo kubwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1974, viongozi wa TANU walikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Waliamua kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Hapo awali lengo hilo lilikuwa limewekwa mwaka 1989. Wavulana na wasichana wakaingia shuleni kwa maelfu. Na walipoingia wasichana, nguzo za netiboli zikasimama katika viwanja vya shule ambako hazijapata kuonekana.

Lakini walimu wangetoka wapi kwa haraka hiyo? Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifanya kazi katika vijiji, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa kukutana na wakufunzi. Walifanya kazi kubwa, na nchi inawadai shukrani. Hata hivyo fikirini mzigo wao. Kijana huyo alipaswa kufundisha kusoma, kuandika na hesabu, akiwa mwenyewe bado anajifunza. Jioni alipewa mpira na filimbi akaambiwa, "Wachezeshe wasichana." Alifundisha kama alivyochezeshwa yeye. Kama aliyemchezesha alikosea kanuni ya miguu, naye alikosea, na wanafunzi wake wakakosea baada yake. Hivyo ndivyo "kwetu" inavyozaliwa.

Hivyo sanduku la mwalimu tulilolitaja mwanzoni lilifika kila kijiji, lakini mara nyingi lilifika bila kitabu.

Kwa miaka mingi tegemeo la wachezaji limekuwa mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Timu ya shule huenda wilayani, ya wilaya huenda mkoani, na ya mkoa huenda kukutana na mikoa mingine. Na kila hatua huhitaji waamuzi. Mwalimu kijana aliyepuliza filimbi wilayani hutazamwa na mwalimu mzoefu, akasahihishwa, mwaka ujao akapelekwa mkoani. Hakuna aliyeandika juu ya mlango kwamba hiki ni chuo, lakini kilikuwa chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, baadaye yakarudishwa. Watu wengi waliwahurumia wachezaji waliokosa nafasi yao. Mimi nawahurumia zaidi waamuzi. Mchezaji mpya hupatikana kila mwaka. Msichana wa darasa la tano hukua akawa wa darasa la sita. Mwamuzi akikosa mashindano miaka mitano, yule mzoefu anastaafu, na yule kijana hajapata wa kumsahihisha. Uzi ukikatika hapo, kuuunga ni kazi.

Nje ya shule, timu zenye nguvu zaidi nchini zimekuwa za majeshi na za idara za serikali, na nyingi zina makao yake Dar es Salaam. Huko ndiko waliko makocha wengi. Mwaka 2012 mashindano ya netiboli ya Afrika yalifanyika Dar es Salaam, na waamuzi wetu waliokuwa karibu waliweza kuona kazi ya wenzao wa nchi nyingine bila kulala safarini. Aliyekuwa Tarime au Rorya angetumia siku nzima barabarani. Kwa upande wa masomo, kanda ya ziwa ina bahati moja: Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya kipo wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Kutoka Musoma mtu huenda Malya bila kuvuka nusu ya nchi.

Sasa tazameni majirani zetu. Malawi si nchi kubwa wala tajiri. Mwaka 2007, katika mashindano ya dunia huko New Zealand, Malawi ilishika nafasi ya tano. Mwaka 2018, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Australia, iliifunga New Zealand yenyewe 57 kwa 53. Mchezaji wake mashuhuri Mary Waya hakuishia kucheza. Baadaye alikuwa kocha. Uganda, ambayo tunagawana nayo maji ya ziwa, ilikuwa ya nane duniani mwaka 2015, ya saba mwaka 2019, na ya tano mwaka 2023 huko Cape Town. Wasichana wa Uganda hawana mikono mirefu kuliko wasichana wa Mara. Wanacheza mechi nyingi za ligi, na ligi haiendi bila waamuzi.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wengine hawatakubaliana nami, na darasa linaweza kulijadili. Mkoa unapopata fedha kidogo za netiboli, watu husema, "Tutafute kocha." Husema hivyo kwa sababu kocha huleta ushindi, na ushindi huonekana. Mimi nasema tuanze na mwamuzi. Kocha mmoja husaidia timu moja. Waamuzi wawili wanaoaminiwa husaidia kila timu inayokutana nao, iliyoshinda na iliyoshindwa. Tena mchezaji anayepulizwa vizuri kila wiki hufundishwa kila wiki. Hujifunza kutua, kutupa kabla ya sekunde tatu, na kukaa umbali wa futi nne. Timu isiyo na kocha inaweza kucheza na kufungwa. Timu mbili zisizo na mwamuzi haziwezi kucheza kabisa; mtaishia kubishana kama katika mfano wetu, na safari ijayo yule mama wa Butiama atakapoomba ruhusa nyumbani kwenda kucheza, ataulizwa, "Mnaenda tena kugombana?" Huenda akabaki nyumbani. Na binti yake naye atabaki.

Mtasema, "Sisi ni watu wazima, magoti yanauma, tutawezaje kukimbia na filimbi?" Si kila kazi ni ya kukimbia. Mchezo huhitaji mwandishi wa magoli na mtunza saa, nao hukaa mezani. Mwandishi wa magoli anahitaji mambo mawili ambayo ninyi mnajifunza sasa: kuandika na kuhesabu. Wengi huanzia mezani, wakizoea kanuni kwa kutazama, ndipo wakasimama na filimbi. Wanaume nao wasijitoe. Makocha wanaume katika netiboli ni wengi, hapa kwetu na hata nchi za nje, na kanuni hazisemi kwamba filimbi ina jinsia. Ila ningependa kuona akina mama wengi zaidi wakiishika, kwa sababu msichana anayemwona mama yake akiamua mchezo mbele ya umati wa watu, na umati ukanyamaza na kutii, huona jambo ambalo haliko katika kitabu chochote.

Mwenye nia aanzie wapi? Amwone afisa michezo wa wilaya au wa manispaa, aulize habari za chama cha netiboli cha mkoa na lini kozi ya waamuzi itafanyika. Asiende peke yake. Waende wawili kutoka kijiji kimoja au mtaa mmoja, kwa sababu mchezo unahitaji waamuzi wawili, na pia kwa sababu mmoja akihama, mwenzake hubaki na kufundisha wa tatu. Na wakirudi kutoka katika kozi, wasipewe kuamua mechi ya kijiji chao wenyewe. Wa Butiama wakaamue mechi za Bunda, na wa Bunda wakaamue za Butiama. Nauli yao ilipwe na timu zote mbili kwa sawa, mbele ya watu, kabla mchezo haujaanza.

Sasa kazi ya wiki hii. Tafuteni kamba yenye urefu wa futi 50. Nendeni uwanjani mpime upana kwa kamba moja, na urefu kwa kamba mbili. Chorani mistari kwa majivu au kwa chokaa, mkigawa sehemu tatu. Watu wawili wasimame na filimbi, mmoja kila upande, na kila mmoja aangalie nusu ya mkono wake wa kulia tu. Wengine wachukue mpira, wadake na kutua polepole, wakitaja kwa sauti mguu waliotulia, "Kulia!" au "Kushoto!", mpaka wote, wachezaji na wenye filimbi, waseme neno moja kwa wakati mmoja. Mtu mmoja akae kando na daftari, aandike mara ngapi waamuzi wenu wamepuliza sawa na mara ngapi wamepishana. Leteni daftari hilo darasani wiki ijayo. Kwaherini.